Matanga Yaliyoisha Bila Mimi

Tarehe 3 Novemba 1978, siku ya Ijumaa, baba yangu alifariki nyumbani kwetu Nyakisasa. Ilikuwa kichomi. Aliugua siku nne tu. Mimi nilikuwa Bulgaria, mwaka wangu wa tatu, nasomea ufundi wa matrekta na mashine za kilimo, na siku hiyo sikujua lolote. Baadaye, nilipoambiwa tarehe, nilifungua daftari langu la karakana nione nilikuwa nafanya nini. Tulifungua pampu ya dizeli tukaifunga tena. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba kazi ni safi. Nakumbuka jioni nilikula vizuri.

Nilimpoteza baba, na nilipoteza matanga yake. La kwanza humpata kila mtu. La pili ndilo linalonifanya niandike.

Kwetu, mwenye nyumba akifa, majembe yote ya nyumba hiyo huegemezwa ukutani, na hakuna wa mji huo anayegusa udongo. Majirani ndio wanaochimba kaburi, majirani ndio wanaoleta chakula. Wafiwa wanalala chini na kulia asubuhi na jioni. Siku ya kumaliza ikifika, mtoto wa kiume mkubwa anaamka alfajiri, anashika jembe la marehemu na kulima mstari mmoja. Mama yake anafuata nyuma akidondosha mbegu. Kisha wote wanalima. Hapo matanga yameisha, na kuanzia saa hiyo hakuna ruhusa ya kumlilia tena yule mtu. Anayelia baada ya jembe kuingia ardhini anaita kifo kirudi kuchukua mwingine. Sijui mwanzo wa jambo hili. Padri alilikataza kanisani, watu wakaitikia, wakarudi nyumbani wakaendelea nalo.

Mimi ni mtoto wa kiume pekee. Nina mdogo wangu mmoja wa kike. Mstari ule ulikuwa wangu.

Niliondoka nyumbani Septemba 1976. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa alama ambazo sikuzionyesha watu, lakini jina langu lilikuwamo katika orodha ya vijana waliochaguliwa kwenda kusomea ufundi katika nchi rafiki. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeanza kupata matrekta, na yalipoharibika hapakuwa na wa kuyafufua. Baba alipopata habari hiyo alikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu, tukiwa tunamenya ndizi, aliniuliza:

"Huko nako kuna migomba?"

"Hakuna, baba. Kuna baridi."

"Sasa wanakula nini?"

"Mkate."

"Mkate si chakula," alisema. "Mkate ni kitu cha kushikia chai. Utarudi umekuwa kijiti, na watu watasema nilikunyima."

Alikuwa na haki ya kuizungumzia migomba. Miaka miwili kabla, katika operesheni ya vijiji, tulitolewa mahali petu pa zamani kilimani, tukapangwa kwenye mstari kando ya barabara, kila nyumba na kiwanja chake. Migomba ilibaki kule juu. Baba alitembea saa nzima kwenda kukata ndizi alizozipanda mwenyewe, na saa nyingine kurudi na mkungu begani. Hakulalamika mbele ya watu. Alisema tu kwamba sasa amekuwa mgeni wa migomba yake.

Mwaka wa kwanza kule Bulgaria tulisoma lugha peke yake. Mji ulikuwa mdogo, karibu na mto mpana kuliko mto wowote niliowahi kuuona. Mimi tangu utoto ni mtu wa kunyamaza. Nyumbani ukinyamaza unasifiwa adabu. Kule ukinyamaza unakosa blanketi, unakosa sabuni, unakosa hata zamu ya kuoga, kwa sababu kila mwenye shida anasema shida yake. Ilinichukua mwezi mzima kujifunza kugonga mlango wa ofisi na kusema, "Naomba." Nilikuwa nimezoea kusimama mlangoni mpaka mwenye nyumba anione. Nilijifunza kufua mashati yangu, kupika viazi, kusoma ramani ya mji, kubishana na mwalimu juu ya kipimo cha boliti bila kuinamisha macho. Kama kuna kukua, ndiko huko. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilijiona mtu mpya.

Jambo moja lilinishinda kulielewa. Kwenye kila mlango, kwenye nguzo za umeme, hata kwenye miti, kulikuwa na karatasi zenye picha za watu, wengi wazee, na maandishi chini yake. Nikajua hawa wako kwenye uchaguzi. Kwetu mwaka uliotangulia tulikuwa na uchaguzi, na picha za wagombea zilibandikwa hivyohivyo, mmoja na alama ya jembe, mwingine na alama ya nyumba. Nilisogea karibu kutafuta jembe liko wapi. Nikaona msalaba, kwingine nyota, kwingine tawi la mti.

Nilimuuliza mwenzangu, kijana wa Tabora aliyenitangulia mwaka mmoja.

"Hawa wagombea wao mbona wazee hivi? Hawana vijana?"

Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi za duka.

"Ndugu yangu, hao wameshapita bila kupingwa," alisema. "Hao ni marehemu."

Alinieleza kwamba mtu akifa, watu wake hubandika karatasi. Siku arobaini zikifika wanabandika nyingine. Miezi sita, nyingine. Mwaka, nyingine, na kila mwaka baada ya hapo, mpaka waliobaki nao waishe. Niliona watu hawa wanajitesa. Nilimwambia kwetu mtu analiliwa kwa nguvu kwa siku chache, kisha jembe, kisha basi. Nilisema hivyo kwa kujivuna kidogo, kama mtu anayetoka mahali wanapojua namna ya kufanya mambo.

Vita vilipoanza mwishoni mwa Oktoba 1978, sisi Watanzania pale chuoni tulikusanyika kila jioni kwenye chumba chenye redio. Wengine hawakujua Kagera iko wapi, wakanigeukia mimi niwaonyeshe kwenye ramani. Niliweka kidole Ngara, wilaya yetu, nikakipeleka juu mpaka Mto Kagera, nikawaambia kwetu ni mbali na mapigano. Lakini usiku nilikuwa nahesabu kilomita. Barua zilizokuwa zikichukua wiki sita zikawa zinachukua wiki kumi. Niliogopa mabomu. Niliogopa baba asije akaandikishwa mgambo pamoja na uzee wake. Kumbe wakati nayaogopa hayo, yeye alikuwa ardhini.

Kati ya Novemba na Februari nilimwandikia baba barua tatu. Katika moja nilimweleza theluji ilivyofunika trekta mpaka tukalifukua kwa koleo. Katika nyingine nilimwambia sasa ninakula mkate kilo nzima kwa siku na si kijiti. Barua zilizofika kutoka nyumbani zilikuwa kwa mwandiko wa mdogo wangu, zikisema maneno ya baba mdogo: huku hatujambo, wote wanakusalimu, soma kwa bidii, mambo ya vita yasikushtue. Baba hakutajwa kwa jina lake wala kwa cheo chake katika barua hizo zote. Nilizisoma mara nyingi, na sikuona.

Katikati ya Februari ilikuja barua nyembamba. Mdogo wangu wakati huo alikuwa darasa la sita, na alichanganya l na r kama tunavyofanya wengi kwetu, kwa hiyo nilikuwa na kawaida ya kuzisoma barua zake nikitabasamu. Nilianza hii nikitabasamu pia. Aliandika kwamba anaandika bila kutumwa. Kwamba baba hayupo tangu Novemba. Kwamba baba mdogo alikataza nisiambiwe mpaka nimalize masomo, kwa kuwa ningeacha yote na kurudi. Kisha aliandika: "Usilie kaka, sisi tumeshamaliza. Jembe nilishika mimi." Baada ya hapo aliandika kwamba sabuni imeadimika na mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Yaliyotokea nilikuja kuyapata kwake kikamilifu baadaye, lakini nayaweka hapa ili msomaji aelewe.

Walikaa kwenye matanga wiki tatu wakibishana juu yangu. Mvua zilikuwa zimekolea, na maharage ya wenzao yalikuwa yameshachomoza. Kijiji kilikuwa na sheria yake ndogo: kila nyumba lazima ilime eka yake, na kwa sababu ya vita bwana shamba alikuwa akipita kuhakikisha. Balozi wa nyumba kumi alikuja, akavua kofia, akampa mama pole, kisha akasema:

"Mama, msiba nimeuona. Lakini na shamba nimeliona, ni pori."

"Tunamsubiri mtoto," mama alijibu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ulaya."

"Ulaya!" Balozi alitazama juu. "Na mvua mmeiambia isubiri?"

Baba mdogo angeweza kulishika jembe siku hiyohiyo. Lakini ndugu wa marehemu akishika jembe lile kabla ya mtoto, maana yake amerithi mji, na mke aliyemo. Yeye alikuwa na mke wake na watoto sita na hakutaka jambo hilo, na mama hakulitaka kabisa. Kwa hiyo walifanya lile ambalo wazee walisema liliwahi kufanywa zamani kwa mtu aliyekuwa safarini: walitafuta nguo yangu. Walipata shati langu la shule ya sekondari, lililokuwa limebaki kwenye sanduku, wakalifunga kwenye mpini wa jembe la baba. Mdogo wangu akalishika jembe kupitia shati hilo, bila mkono wake kugusa mti. Akalima mstari. Mama akafuata na maharage.

"Shati lilikuwa linateleza," aliniambia. "Kila nikiinua jembe linashuka mkononi. Nikaogopa likianguka watasema wewe umekataa."

Halikuanguka. Kwa hiyo kwa hesabu ya nyumbani mimi nilikuwepo, nililima, nikamaliza. Hawakunibakizia kitu.

Siku nilipopata barua hiyo ya mdogo wangu niliketi kwenye ngazi za bweni na sikupanda chumbani. Mlinzi wa bweni letu alikuwa mama wa miaka sitini na zaidi, mjane, aliyekaa kwenye kibanda cha kioo na funguo zetu zote. Tulimwogopa kwa sababu alijua nani amechelewa na nani amevuta sigara wapi. Alitoka akanisimamia.

"Nani?" aliuliza. Hakuuliza nini.

"Baba."

"Lini?"

"Novemba."

Nilingoja aseme kwamba ni zamani. Hakusema. Alinivuta kwa mkono akaniingiza kibandani, akanikalisha kwenye kiti chake, akatoa karatasi. Alitaka picha. Nikamwambia baba hakuwahi kupigwa picha. Akataka mwaka wa kuzaliwa. Sikuujua, nilijua tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, na njaa zilikuwa nyingi. Tukaandika sitini na kidogo. Akauliza kazi yake. Mkulima. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa lugha yoyote: alikuwa mtu wa namna gani?

Maneno niliyokuwa nayo katika lugha ile yalikuwa ya matrekta na ya jikoni. Kwa hayo nilimweleza. Nilisema mikono yake ilikuwa migumu. Nilisema alikuwa anatania huku uso wake umetulia, mpaka mgeni asijue kama acheke. Nilisema kuhusu migomba, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Nilizungumza labda nusu saa. Tangu nizaliwe sikuwahi kuzungumza kwa muda mrefu hivyo juu ya baba yangu, na niliyekuwa namwambia ni mwanamke wa kigeni mwenye funguo kiunoni. Alilia yeye kwanza. Kisha mimi nikalia.

Kesho yake karatasi ilikuwa mlangoni mwa bweni. Jina la baba lilikuwa limepigwa kwa mashine, kwa herufi zao, na msalaba juu mahali pa picha. Wanafunzi waliotoka nchi ambazo sikuzijua walinishika mkono. Mwalimu wa karakana, yule wa wino mwekundu, alivua kofia. Siku arobaini zilipofika, zikihesabiwa tangu siku ya barua kwa sababu hatukuwa na namna nyingine, yule mama alichemsha ngano, akaitia sukari, akaigawa mlangoni kwa vijiko. Akabandika karatasi mpya. Ile ya kwanza, iliyochakaa kwa mvua, akanipa mimi.

Nilijaribu kurudi. Hili nalo niliandike kama lilivyokuwa. Nilikwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nikagonga mlango bila kusimama nje, nikasema shida yangu kwa ufasaha ambao ulinishangaza mwenyewe. Walinijibu kwa huruma. Tiketi ni moja, ya mwisho wa masomo. Nikiitaka sasa itabidi serikali yangu ikubali. Ubalozi wetu ulikuwa nchi nyingine. Niliandika. Wiki tano baadaye jibu likaja, la upole, likinipa pole na kueleza kwamba nchi iko vitani na nauli haipo. Nilikuwa nimejifunza kuomba, na nimeomba vizuri, na haikusaidia.

Ukweli mwingine ni huu: siku barua hiyo ya ubalozi ilipofika, kabla ya uchungu, nilihisi nafuu. Mtihani wa mwisho ulikuwa miezi miwili mbele. Siku ya pili nilikuwa nimefungua vitabu. Nafuu ile sijawahi kumwambia mama.

Nilirudi Julai 1979. Vita vilikuwa vimekwisha kwa maana ya redio, lakini magari yalikuwa bado hayajarudi. Kutoka Mwanza nilipata basi mpaka Biharamulo, na hapo nikakwama siku nne. Kila asubuhi nilikwenda sokoni na sanduku langu, kila jioni nikarudi nalo nyumba ya wageni. Nilikuwa nimevaa koti zito la huko kwa sababu sandukuni halikuenea. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mihogo hapo alinizoea.

"Wewe wa koti, hujaondoka tu?"

"Magari hakuna, mama."

"Yalienda kumsindikiza nduli. Yakirudi utaona, yote yatakuwa hayana taa." Kisha akasema, "Nyumbani kuna nini unachokimbilia hivyo?"

Nikamwambia kuna msiba.

"Msiba wa lini?"

Nikamwambia. Akanipa muhogo wa kuchoma, akakataa senti zangu.

Katika siku nne hizo nilipanga namna nitakavyofika. Niliamini kwamba mama akiniona atalia, na akilia yeye, nani atanizuia mimi. Nilikuwa nimebeba kilio changu kutoka mbali hivyo, wala hicho cha kule Bulgaria sikukihesabu. Nilitaka kumlilia baba kwa lugha yake, mbele ya watu waliomjua, mara moja tu. Sikutaka kitu kingine.

Nilifika nyumbani mchana. Mdogo wangu ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa amerefuka, sikumtambua mpaka alipokimbia. Mama alitoka jikoni akifuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika?"

"Nimefika."

Tukasimama. Niliona mdomo wake unatetemeka, na mimi nikafungua kinywa. Sauti ilianza kutoka. Majirani waliokuwa wamekuja kunipokea wakageuka, wakatazama barabarani, wote kwa pamoja. Baba mdogo akaja haraka akanishika bega kwa nguvu.

"Hapana," alisema. "Hapana, mwanangu. Hapa tumemaliza."

"Baba mdogo, mimi sijamaliza."

"Ulimaliza na sisi. Shati lako lilikuwepo, kila mtu aliliona. Sasa ukilia, unamwita nani? Nina watoto sita pale."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaogopa, na nilimwona anavyoogopa. Mtu mwingine angelia tu. Mimi nilifunga kinywa. Pamoja na kusema kote nilikojifunza kule, nilirudi nikawa yule yule wa kusimama mlangoni.

Walinionyesha kaburi, nyuma ya nyumba, kwenye kile kiwanja alichopimiwa. Hawakuweza kumpandisha kilimani kwenye migomba. Kulikuwa na mvua na njia inateleza. Mama aliniambia nikaangalie lakini nisikae sana. Nikaangalia. Nilikaa kama dakika tano. Mdogo wangu alisimama nami akinieleza kuhusu shati, kwa sauti ya chini, na hata yeye alikuwa akichungulia nyuma.

Siku zilizofuata watu walikuja kunisalimu, wakanicheka nilivyonenepa, wakaniuliza kama ni kweli kule wanaume wanapika. Jina la baba halikutajwa. Waliposhindwa kulikwepa walisema "yule," na kuendelea. Mwenyekiti wa kijiji aliniita niangalie trekta la kijiji lililolala kwenye nyasi tangu mwaka uliopita. Nilifungua injini mbele ya watu wengi. Nilijua kabisa kilichokufa ndani yake, na nilijua hakipatikani Ngara wala Mwanza. Niliwaambia. Mzee mmoja akasema, "Basi mmeenda mbali kusomea kutuambia tulichokuwa tunajua."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Wiki ya pili, mama akiwa peke yake jikoni, nilitoa ile karatasi ya bweni. Ilikuwa imekunjika mara nne na wino umesambaa. Nikamweleza ni nini.

"Hapa ni jina lake?" aliuliza. Hakujua kusoma.

"Ndiyo, hapa."

Akaweka kidole chini ya jina, akakipitisha mpaka mwisho.

"Watu wa kule walimjua?"

"Hapana mama. Niliwaambia mimi."

"Uliwaambia nini?"

Nikamwambia niliyoyasema, mikono, utani, migomba. Aliposikia migomba alitabasamu kidogo. Kisha akauliza, "Walilia?"

"Mmoja alilia. Mama mmoja."

"Alikuwa na nini naye?"

"Hakuwa na kitu. Alilia tu."

Mama akainama akasukuma kuni. Akaniambia karatasi hiyo haiwezi kukaa ndani ya nyumba. Alisema baba mdogo lazima aambiwe, kwa sababu akija kuiona mwenyewe na mtoto wake akaugua, atakuwa na la kusema maisha yake yote. Jioni hiyo baba mdogo akaja, akaitazama karatasi bila kuigusa. Aliniomba niichome. Aliniomba, hakuniamuru, na alinipa pole, ndiyo mara ya kwanza kunipa pole tangu nirudi. Ningeweza kukataa. Ilikuwa yangu. Niliitia motoni mwenyewe chini ya chungu cha maharage, na tukayala maharage hayo.

Agosti nilipata barua ya kazi. Nilipangiwa karakana ya wilaya Biharamulo. Kulikuwa na lori la mahindi linalopita barabarani kwetu siku ya Jumanne, na dereva alikubali kunichukua. Baba mdogo aliniaga nyumbani. Mdogo wangu alikuwa shuleni. Mama alinisindikiza mpaka barabarani, amebeba mfuko wa ndizi, na tulikaa kwenye nyasi tukisubiri. Aliniuliza kama Biharamulo nitapata pa kulala. Nikamwambia nitapata.

Lori lilipoonekana likipanda kilima, mama alisimama, akajitanda khanga, akanishika mkono. Kisha akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kwa ile sauti ya msibani inayotoka tumboni, na akaketi chini kwenye vumbi. Sikuelewa mara moja. Nilitazama nyuma kama kuna anayekuja kumkataza. Kulikuwa na watu kadhaa hapo, wanawake wawili na vikapu, mzee na baiskeli, na hakuna aliyegeuka pembeni. Mwanamke mmoja alisema, "Pole mama, watoto ndivyo walivyo, wanakwenda." Nikaelewa kwamba mtoto anayesafiri anaruhusiwa kuliliwa.

Nikaketi naye kwenye vumbi nikalia. Nililia mpaka kifua kikauma. Hakumtaja baba, na mimi sikumtaja. Dereva alipiga honi mara mbili. Utingo akaruka chini, akachukua sanduku langu, akatutazama sisi wawili.

"Jamani mama," alisema, "anakwenda Biharamulo tu hapo! Jumamosi anarudi kula ugali!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, machozi yakimtoka, akanipa ule mfuko wa ndizi. Nikapanda juu ya magunia. Lori likaondoka.